Hesabu ya Kiangazi Iliyoachwa Nje

Habari ilinikuta barazani, mhogo nimeubana kwa magoti na kisu kiko mkono wa kulia, ndiyo namna yangu ya kumenya tangu mamba wa mto Wami aondoke na mkono wa kushoto. Simu ikaita. Upande wa pili alikuwa mdogo wa kiume wa huyu marehemu ninayemwandikia leo, yule anayekaa dukani kwao. "Shikamoo, dada. Dada yetu ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya adhuhuri." Nikasema Inna lillahi, nikauliza aliumwa nini, akasema moyo, uleule wa siku nyingi. Nikampa pole, akashukuru, tukaagana vizuri kama watu waliolelewa. Kisha nikabaki nimekaa. Kutoka kwetu, kandokando ya Miono, hadi Bagamoyo mjini ni safari ya kuzunguka Msata na Fukayosi, nikajua kuwahi siwahi. Nilikwenda siku ya hitima, na yaliyotokea huko nitayafikia.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba gazeti hili lilinipa kona hii kwa sababu ya mkono nilioupoteza, si kwa sababu ya kichwa nilichobaki nacho. Shule niliishia darasa la sita. Nimewaandikia hapa marehemu wengi, wakunga, mafundi, hata yule mgambo mkorofi wa mnadani, na kila mara nilijua pa kuanzia. Huyu kila ninapotaka kuanzia naikuta aibu imeshakaa. Sina haki ya kumwita rafiki. Tulifahamiana, basi, na katika kufahamiana huko yeye alisimama kwa ajili yangu na mimi sikusimama kwa ajili yake. Watu wengi wa huku wanamkumbuka kama yule mwanamke wa takwimu aliyeondolewa kazini kwa kukosea hesabu. Hakukosea. Hilo ndilo nimekaa kuliandika leo. Limechelewa, najua, lakini mwenyewe hatunaye tena, na kilichobaki cha kuokoa ni jina lake.

Alizaliwa Bagamoyo mjini, katika familia ya Waislamu wa asili ya Kihindi wanaouza mabomba, ndoo, misumari na mabati tangu enzi za babu yao. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi Mkwere wa porini, na akikutania unagundua umetaniwa ukiwa umeshafika nyumbani. Alikwenda Dar kusomea hesabu, wazazi wakidhani atarudi kulishika duka, yeye akarudi na kazi kwenye mradi wa vizimba. Kwa msiokaa mtoni, kizimba ni uzio wa nguzo na wavu wa chuma unaoanzia ukingoni na kuingia majini. Mchotaji anaingia ndani yake na ndoo yake, mamba anabaki nje. Mradi ule ulijenga vizimba katika vijiji kadhaa vya Wami, cha kwetu kikiwa miongoni mwa vya mwanzo, na baadaye vijana wakapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi wakiuliza nani anachota wapi, nani kajeruhiwa, nani kafa. Majibu yote yalipelekwa kwake. Kazi yake ilikuwa kuiuliza kompyuta kama vizimba hivi vinaokoa watu au haviokoi.

Swali linaonekana la mtoto, lakini si la mtoto. Kijiji chenye kizimba huenda ndicho kilicho karibu na barabara, ndicho chenye bomba la pembeni, ndicho ambacho watu wake hawateremki sana mtoni. Ukiona mamba hajamgusa mtu pale, umshukuru nani, kizimba au bomba? Wataalamu wana hesabu ya kuligawa jambo kama hilo, kila sababu ikabebeshwa mzigo wake, wanaiita regresheni. Mimi naiita kugawa lawama. Na lawama haigawiwi mara moja ikaisha. Unaigawa ukiwa na sababu moja, unaigawa tena ukiwa na mbili, unaongeza ya tatu, na kila mgao kompyuta inautunza kwa jina ulilolipa wewe, hadi siku utakapouita. Haya sikuyasoma popote. Nilielezwa na marehemu, jikoni kwangu, kwa sahani.

Alikuja wakati wa kiangazi, jua limekaza, peke yake. Vijana wake walikuwa wameshapita zamani. Yeye alikuja kwa sababu majibu yetu hayakumkalia sawa.

"Hodi. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kama ni vishikwambi, tumeshajibu. Kama ni ndoo, tunazo."

"Ndoo za dukani kwetu zinavuja, wewe nisingekuletea." Akakaa chini bila kungoja kigoda. "Nimekuja na swali ambalo vijana hawakuliuliza. Mamba alikukamata lini, masika au kiangazi?"

"Kiangazi."

"Kizimba kilikuwa bado hakijajengwa?"

"Kilikuwepo. Kimesimama palepale unapokiona leo. Mchangani."

"Mchangani kivipi?"

"Mto ukirudi nyuma, mwenzangu, wewe utaufuata au utabaki kizimbani unachota mchanga?"

Hakucheka. Akaomba nimpeleke. Tukateremka naye, na kizimba tukakikuta kimesimama pakavu, mbuzi wa jirani wamejilaza kwenye kivuli cha nguzo zake. Wanawake walikuwa wanakipita na ndoo zao bila hata kukigeukia, kama unavyopita nyumba ya mtu aliyehama, wanakwenda mbele kabisa kwenye mkondo mwembamba wa maji ya tope. Marehemu akavua viatu, akatembea kutoka nguzo ya mwisho hadi penye maji, taratibu, akipima kwa nyayo zake. Jirani yangu mmoja akamwambia, "We Mhindi, usisogee sana, mamba wetu hajazoea pilau." Naye akajibu bila kugeuka, "Mwambie atulie, viungo nimevisahau dukani." Wanawake wakacheka hadi ndoo zikamwagika. Yeye alikuwa anatazama maji.

Tuliporudi jikoni akaomba sahani, akazipanga kwenye mkeka. Ya kwanza, akasema, ni ugali mtupu: kizimba na majeruhi, basi, hakuna kingine. Sahani ya pili ameongeza mlenda, ndiyo umbali wa nyumba hadi mtoni. Ya tatu ameongeza kisamvu, ndiyo mabomba mengine ya kijiji. Ya nne kaongeza dagaa, ya tano nimesahau. Zote zinapendeza, zote zinasema kizimba kinaokoa. "Sasa wewe leo umenipa pilipili," akaniambia. Nikamuuliza, kiangazi? Akasema kiangazi. "Nikiitia nahisi nitakachokionja. Lakini lazima nipike, nisiseme kwa kuhisi." Akawarudisha vijana waulize upya misimu, akapika. Siku aliyorudi kunieleza hakuhitaji sahani. Masika kizimba kinaokoa vizuri sana. Kiangazi hakiokoi kitu. Na dawa yake, akasema, si ngumu, uzio urefushwe ukaufuate mkondo wa kiangazi, bora tu hilo lifanyike kabla mradi haujajenga vingine vya namna hii.

Basi ikafika siku ya kuwaonyesha wafadhili. Ukumbi ulikuwa Bagamoyo mjini, na mimi nilitumiwa gari na kitenge kipya kilichoshonwa, mkono mmoja mrefu na mwingine umekatwa juu kabisa, ili kinachotakiwa kuonekana kionekane. Tuliwahi. Nikakaa pembeni na chai yangu wakati wao wanajiandaa. Mkuu wa mradi alikuwa daktari, si wa sindano, wa vitabu, mwanamke mrefu mwenye sauti laini ambaye hajawahi kumfokea mtu. Alisimama nyuma ya kiti cha marehemu, wote wakitazama ukutani palipomulikwa jedwali. Safu sita zilikuwa zimesimama, sababu zimeorodheshwa kuteremka upande wa kushoto, na pembeni mwa baadhi ya namba kulikuwa na nyota ndogondogo. Nilidhani ni mapambo. Kumbe nyota ni namna yao ya kusema hii si bahati tu, hii ina nguvu.

"Hii ya kiangazi mbona umeitanguliza?" Daktari akauliza.

"Kwa sababu ndiyo yenye jambo la kurekebisha."

"Haina nyota kwenye kizimba."

"Kukosa nyota ndiyo habari yenyewe, Daktari."

"Mdogo wangu, wageni hawana muda wa habari mbili. Anza na ile ya tatu, ifuate ya nne. Mstari wa kizimba upandishe juu kabisa, wa mabomba uteremke. Hizo nyingine peleka kwenye kiambatisho."

"Na ya kiangazi?"

"Nayo."

"Kiambatisho leo hakigawiwi."

"Ndiyo hivyo, mdogo wangu. Hatudanganyi mtu. Tunapanga."

Nilimwona akiandika. Ulikuwa mstari mmoja tu: majina ya hesabu anazozitaka Daktari, kwa mfuatano anaoutaka Daktari. Akabonyeza, na pale ukutani safu sita zikawa mbili, zimejaa nyota. Hapa ndipo watu huwa hawanielewi ninaposimulia, kwa hiyo nasema polepole. Hakuna namba iliyoguswa. Kila kilichobaki ukutani kilikuwa kweli, ungekipeleka kwa mtakwimu yeyote angekisaini. Kilichofanyika ni kuchagua kipi kiitwe na kipi kiachwe ndani, na kati ya vilivyoitwa kipi kitangulie. Mpishi hakutia sumu. Aliacha tu sahani moja jikoni.

Shughuli ilipoanza Daktari hakuanza na namba. Alianza na mimi. "Tunaye dada yetu hapa, mkazi wa Wami," akasema kwa ile sauti. "Naomba usimame, dada. Mto ulichukua mkono wake." Nikasimama. Mama mmoja wa mstari wa mbele akatoa leso. Nikiwa bado nimesimama, ukutani ikaja picha ya kizimba, maji yamejaa, picha ya masika, na baada ya kizimba zikaja zile safu mbili na nyota zake. Tazameni mfuatano huo. Mkono, kizimba, nyota. Daktari hakusema kwamba mkono ulikatika kabla ya kizimba kujengwa. Hakutaja lini. Aliviweka vitu vitatu vikafuatana, na kila aliyekuwemo akajijazia mwenyewe kwamba huyu mama aliumia, wakajenga, watu wakapona. Wakati kweli ni kwamba mimi niliumia kizimba kikiwepo, kimesimama nyuma yangu mchangani. Mkono wangu ulikuwa wa ile safu iliyoachwa nje. Wakautoa huko, wakaufanya utangulizi wa zile zenye nyota.

Na mimi nilijua. Sitajificha nyuma ya darasa la sita. Jambo hili halikuhitaji shule. Nilisimama pale nikijua kabisa, na lililo baya kuliko kunyamaza ni kwamba nilipenda kuliliwa. Kijijini walinionea huruma siku za mwanzo kisha wakazoea, nikawa yule mama wa mkono mmoja kama mwingine alivyo yule mwenye makengeza. Hapa watu wa heshima walikuwa wananililia upya.

Mgeni mmoja, mzee wa miwani, akauliza kama vizimba vinafanya kazi mwaka mzima. Daktari hajafungua mdomo, marehemu akasimama kule kwenye kompyuta yake. "Kiangazi havifanyi kazi," akasema. "Hesabu yake tunayo. Haimo hapo ukutani." Daktari akatabasamu, hakukanusha hata neno, akatugeukia sisi wa vijijini. "Wenye mto wenyewe wapo. Kwa nini tusiwaulize wao?" Mwenyekiti wetu wa kijiji akasimama na kanzu yake iliyopigwa pasi. "Kwa niaba ya wananchi, tunashukuru sana kwa vizimba. Vinatusaidia sana. Ombi letu ni mtuongezee." Wakapiga makofi. Mimi makofi siwezi, mkono mmoja hauna wa kupigana naye. Nikapiga paja. Marehemu akanitazama mimi, si mwenyekiti, kisha akaketi.

Kwa msio wa huku niwaeleze kitu kuhusu mwenyekiti, maana namtaja kama mkosaji na nataka kosa lake lieleweke. Sisi tumelelewa kwamba mtu aliyekuletea kitu humtolei kasoro mbele za watu. Unapokea, unashukuru, mnakula. Kasoro unamwambia wakati wa kumsindikiza, mkiwa wawili njiani, kwa sauti ya chini, naye haumii na wewe hukunyamaza. Ndivyo tunavyoambiana ukweli. Mwenyekiti alikuwa na nia kabisa ya kumweleza Daktari habari ya mchanga wakati wa kumsindikiza. Aliniapia hivyo baadaye, na namwamini. Lakini Daktari alitoka ukumbini akaingia garini mlango kwa mlango, kioo kikapanda, gari likaondoka, na mwenyekiti akabaki kwenye vumbi na ukweli wake mdomoni. Mgeni wa gari hasindikizwi. Tulikuwa tumeutunza ukweli wetu kwa ajili ya njia ambayo siku hizi haitembewi.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Vizimba vingine vikajengwa vijiji vya chini ya mto, urefu uleule. Marehemu hakuongezewa mkataba, na maneno yakatoka ofisini, laini kama kawaida yao, kwamba bahati mbaya yule binti alichanganya hesabu mbele ya wageni. Yakafika sokoni, yakafika msikitini, yakafika dukani kwa baba yake. Kiangazi kilichofuata, katika kijiji kimoja chenye kizimba kipya ambacho rangi yake ilikuwa bado inang'aa, mama mmoja kijana aliteremka kufua akapita nje ya uzio, kwenye maji, kama tunavyopita sote. Walipata kanga yake tu.

Marehemu alikuja kwangu baada ya msiba ule. Alikuwa hana kazi, lakini alikuwa amekwenda kuwapa pole watu ambao hawakumjua. Nikamkaribisha, tukakaa palepale jikoni, na mimi nikaanza kusema kabla hajauliza.

"Aliyesema ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti hakuwemo kwenye hesabu yangu," akasema. "Wewe ulikuwemo."

"Hukuniuliza kule ukumbini."

"Nilikuuliza hapa, dada."

Hakuinua sauti. Akamaliza chai yake, akaosha kikombe mwenyewe, akaenda. Baada ya hapo tulikutana mara chache dukani kwao, nikinunua kitu, na kila mara aliniuliza habari za kiangazi: mto umerudi hadi wapi, wanachota wapi. Alikuwa akiwaambia wateja wa kutoka Wami wasiingie majini kiangazi, wachote kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, na mabomba mabovu ya dukani akayakata yawe mipini ya kazi hiyo. Nimewaandikia ninyi hapa mambo mengi katika miaka hiyo, barabara, ngoma, wanasiasa. Hili sikuliandika. Watu wakiniomba habari ya mkono wangu niliwasimulia mamba, meno, damu, jinsi nilivyovutwa. Nilikuwa mpangaji mzuri kama Daktari. Kizimba sikukitaja.

Nimekuwa nikifikiri tangu simu ile kwamba uongo wa waziwazi si ugonjwa wetu mkubwa. Muongo tunamjua, tunamcheka, tunamnyima binti zetu. Tunaloliheshimu ni kupanga. Mshenga akija kuposa anaanza na kazi ya kijana, anafuatisha swala zake, mke wa kwanza anabaki kwenye kiambatisho. Diwani anaanza na darasa lililoezekwa, na lile lililoanguka hana haja ya kulikana kwa sababu hajaliita. Hata sisi wa magazeti, mhariri wangu atanisamehe, tunajua kilichowekwa ukurasa wa kwanza kitasomwa na cha ndani kitafungiwa vitumbua. Kompyuta ya marehemu haikuleta tabia hii Bagamoyo. Iliikuta, ikaipa mstari mmoja wa kuandika na nyota za kupendezesha. Tofauti yake ni kwamba ile kompyuta, ukiiuliza, bado inazo zote sita. Haisahau kwa sababu mgeni yupo.

Sasa hitima. Nyumba yao iko juu ya duka, na wanawake tulikaa chumba cha ndani kwenye mabusati, tumezunguka mama yake marehemu, mzee mfupi mwenye mtandio mweupe ambaye alikuwa hasemi. Kisomo kilikuwa kimekwisha, pilau linapakuliwa, Daktari akaingia. Ameota mvi, sauti ni ileile. Alikuja kwa wema, sitamnyima hilo, akamshika mama mkono, akakaa karibu yangu. Kisha, kama watu wanavyofanya msibani, akaanza kumsifu marehemu. Akasema walianza naye mbali. Akaniwekea mkono begani. "Huyu dada hapa ndiye aliyetufungua macho. Alipoteza mkono, tukasema hapana, lazima vijengwe vizimba. Ndipo marehemu naye akaja na hesabu zake. Makosa madogomadogo ya ujana tulimsamehe."

Nikaona kilichotokea. Miaka ile alipanga tu, hakusema. Mpango umekaa, umekauka, na sasa anausema kwa mdomo wake kama mambo yaliyotokea, na nadhani ameshauamini. Wanawake wote wakanitazama mimi na bega langu kwa ile huruma ninayoijua. Mama wa marehemu naye akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu?" akaniuliza.

Nilikuwa na mgeni pembeni yangu, chakula kinakuja, nyumba ya watu, msiba. Kila nilichofundishwa tangu utoto kilikuwa kinanivuta kanga ninyamaze.

"Sivyo, Bi Mkubwa," nikasema. "Kizimba kilijengwa kwanza. Mkono ulikatika baadaye, kiangazi, kizimba kipo. Binti yako alijua, aliipiga hesabu yake, ikaondolewa kwenye meza. Akasimama akasema. Sisi ndio tuliomkana."

Daktari akasema kwa upole, "Dada, leo si siku yake." Mama alikuwa hajaniachia macho.

"Kwa hiyo mwanangu hakukosea hesabu."

"Hakukosea."

"Mimi nilimwambia aombe radhi." Akaisema taratibu, kama anayejisomea. "Nilimwambia mara nyingi, nani asiyekosea, nenda kaombe radhi urudishwe kazini. Akawa ananyamaza." Kisha akauliza, si kwa hasira, "Mbona hukuja kuniambia akiwa bado hai? Dukani si ulikuwa unakuja?"

Pilau likaletwa, wanawake wakasogeana kwenye masinia, na swali lile likabaki limekaa baina yetu. Mama mwenyewe ndiye aliyenisogezea nyama, akanichambulia, maana mtu wa mkono mmoja akila siniani hupata shida. Nilikula. Sijawahi kula chakula kigumu kama kile. Daktari aliaga mapema, akasindikizwa na watoto hadi mlangoni.

Basi wakosaji nimewataja: mkuu wa mradi aliyepanga, mwenyekiti aliyeshukuru, na mimi niliyesimama. Vizimba havijarefushwa hadi leo, na kiangazi kinaingia, kwa hiyo ninyi wa Wami msiingie majini. Na somo nililorudi nalo ni hili, sina lililo kubwa zaidi. Ukionyeshwa jeraha na dawa kwa pamoja, uliza kipi kilitangulia, na uliza ni nini kimebaki jikoni. Na mtu akisimama peke yake kukusemea, simama naye papo hapo, wageni wakiwepo, mwenyekiti akikutazama, hata kama umepewa kitenge. Usimngojee njiani. Ukichelewa, utakuja kumtetea kwa mama yake, naye hayupo kukusikia.